Daftari la Katibu

Mimi ndiye katibu wa kijiji chetu hapa Oli, Arua.
Daftari nilinunua kwa hela yangu, sijarudishiwa hadi leo.
Kila ukurasa nimeugawa kwa rula:
mlalamikaji, mlalamikiwa, uamuzi.
Safu ya uamuzi ndiyo nyembamba,
watu wetu hupenda kusema kuliko kuamuliwa.

Jumapili, saa nane, baraza ya fundi baiskeli.
Fundi ndiye mwenyekiti: Onzima, grisi kwenye kucha,
muhuri kauvika nailoni,
hautoki mfukoni mpaka watu wanyamaze.
Mabenchi tumeazima kanisani.

Amandu yuko chini, kwenye saruji,
sikio moja limevimba.
Jana usiku vijana walishabiringisha tairi,
mmoja ameshika kiberiti.
Mke wa mwenyekiti alitoka na kanga moja na sauti moja:
"Huyu ana mama, na mama yake namjua!"

Polisi hawako mbali. Ila polisi wana pikipiki,
na pikipiki ina kiu,
na kiu hiyo huikata aliyeibiwa.
Hapa kwetu ni elfu tano na benchi.

Hajati Zenabu akasimama, sufuria kaikumbatia.
"Ya pilau ya watu mia! Nimemkuta kwa mnunua vyuma,
inapimwa kwa kilo! Kwa kilo, jamani,
kitu kilichozika wazee wetu na kuoza binti zetu!"

Nikaandika: sufuria, moja.

"Ulichukua?"
"Nilichukua."
"Kisa?"
Akatazama kidole gumba cha mguu wake.
"Mpira. Mkeka ulichanika kwa timu moja tu."
Mjumbe wa vijana, Feni, akacheka,
kisha akainama kufunga kamba za viatu,
maana mikeka hiyo anaiuza yeye.

"Kabla ya yote," akasema Onzima, "isugue.
Hatuamui juu ya masizi."
Akapewa mchanga, akapewa gunzi.
Tulisikia gunzi tu, muda mrefu,
halafu gunzi likasimama.
Kwenye kitako, herufi zilizokwaruzwa kwa msumari:
C, A, N. Ya nne imeliwa na moto.

"Hajati," mwenyekiti akauliza taratibu,
"jina lako linaanzia wapi?"

Gurudumu lililoning'inia dukani likazunguka peke yake.

Nyuma kabisa, Candiru, muuza samaki wa moshi,
hata hakusimama.
"Niliitoa msiba wa mume wake.
Arobaini ikapita. Mjane humdai vipi?
Mwaka ukapita, nikaona haya kudai kilichochelewa.
Ikawa miaka kumi na moja."

Kalamu yangu ikakwama juu ya mistari.
Nikachora mshale kutoka safu hii kwenda ile,
nikaufuta, karatasi ikatoboka.

Uamuzi: Amandu atazibua mtaro wa nyuma ya soko,
Jumamosi nne, Feni akimsimamia
na koleo lake mwenyewe.
Ataomba radhi kwa sauti ya kusikika.
"Na Hajati..." Mwenyekiti akakohoa.
"Hajati unajua."

Alijua. Alivuka mabenchi,
akaiweka sufuria miguuni pa Candiru
bila neno. Nami niliandika hivyo hivyo: bila neno.
Muhuri ukapigwa.

Tulikuwa tumeshabeba mabenchi
Candiru aliporudi, kifuniko kwapani.
"Sikuitoa nacho. Miaka yote kinafunika mtungi usio wake."
Akakijaribu. Hakikuingia.
Kwa mnunua vyuma ukingo ulikuwa umebonyea.

Amandu, bila kuagizwa, akachukua nyundo ya fundi.
Hajati akashika upande mmoja, Candiru upande mwingine,
na wakamkaripia kwa pamoja:
"Polepole wewe, utaitoboa!"

Hilo halina safu.
Nimeliandika pembeni, kwa penseli.